Mshale wa Aberewa

Jumatatu, 2 Aprili 2012

Likizo ya Pasaka. Nimerudi nyumbani Kaneshie, Accra, na sanduku la shule, chunusi mpya kidevuni, na nia ya kutozungumza na mtu mpaka shule ifunguliwe. Nia imedumu hadi chakula cha mchana.

Mjomba Asiama alitangaza mezani, huku akichambua miiba ya samaki, kwamba anamuuza Aberewa.

Aberewa ni gari. Kwa Kitwi jina hilo ni ajuza. Ni steshenwagoni ya rangi ya maziwa ya kopo, umri wake ni mkubwa kuliko wa Mama, na ilikuwa ya Nana. Nana alikuwa mjomba wao Mama na Mjomba Asiama, na kwetu Wakwahu mali ya mtu inakwenda kwa mpwa wake, si kwa mwanawe. Kwa hiyo Nana alipofariki, Mjomba Asiama alirithi duka, redio na Aberewa. Redio anaipenda.

Aberewa anachemsha. Hilo ndilo kosa lake. Mwaka jana njiani alichemsha pale Suhum, akapoa, akachemsha pale Bunso, akapoa, na kwenye mlima wa Kwahu akachemsha mpaka abiria wa basi wakashuka kutupa pole. Sasa kuna Alhaji mmoja mnunuzi wa vyuma chakavu, yuko tayari kuja kumkata vipande. Vipande!

Mama akasema polepole kwamba mali ya ukoo haiuzwi bila ukoo kuambiwa. Mjomba akasema sawa, hana neno. Ijumaa Kuu tunapanda na Aberewa mlimani hadi Obo kwa Bibi, kama Wakwahu wote wanavyopanda kwao kila Pasaka. Akifika uani kwa Bibi kwa injini yake mwenyewe bila kuchemsha, anabaki. Akichemsha, Mjomba ataomba ruhusa kwenye kikao cha ukoo Jumamosi, na Alhaji atakuja na msumeno wake.

Yirenkyi akafurahi. Huyu ni mtoto wa Mjomba, rika langu, sauti yake kama mtangazaji wa mpira. Akasema usukani atautundika chumbani kwake. Kisha akanigeukia. "Na wewe Bubu, tukuwekee kipande gani?"

Nilikuwa na jibu kali sana. Nimelipata jioni hii, nikifua soksi.

Ndivyo nilivyo. Shule inanifundisha kwa Kiingereza, nyumbani nimelelewa kwa Kitwi, na nimefaulu kunyamaza kwa zote mbili.

Nikaenda kukaa ndani ya Aberewa. Bado ananukia Nana: tumbaku ya kunusa, kokwa za kola, mkate. Nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kutazama mshale wa joto pale kwenye dashibodi. Nana alisema macho yake ni ya barabara, yangu ni ya mshale. Nikisema "robo" anaitikia "vizuri." Nikisema "nusu" anapunguza mwendo. Nikisema "robo tatu" anaegesha pembeni, popote pale, hata mbele ya kituo cha polisi, anafungua boneti na kunikatia mkate wa Nsawam mpaka Aberewa apoe. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kusimama kwa sababu mimi nimesema kitu.

Azimio: Aberewa atapanda mlima. Namna: bado.

Jumanne, 3 Aprili

Mpango wa kwanza: fundi. Si wangu hasa. Nilimwandikia Mama kikaratasi, Mama akamwambia Mjomba.

Fundi Tawia wa mtaa wa nyuma alikuja na spana moja na maoni mengi. Akainama, akafungua, akatoa kidude cha shaba. Themostati. Ni kama kimlango, kinayazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Fundi alikishika kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa bafuni. Akasema hiki walikibuni Wazungu, kwao kuna barafu. Accra hii joto lipo bure, kifaa cha kutafuta joto cha nini? Hakuna gari alilowahi kuligusa akakiacha ndani. Akakirusha juu ya paa la banda la kuku.

Kitabu chetu cha fizikia kinasema vingine. Nikafungua mdomo nimwambie. Nzi akaingia. Nikafunga.

Kisha Fundi akalala chali chini ya dashibodi, tukamsikia anacheka peke yake. Alituita tuone. Waya wa geji ya joto umekatwa. Umekatwa zamani, tena kwa mkono, ncha zote mbili zimeviringishiwa utepe mweusi kwa unadhifu. Akasema mshale huu haujapima joto miaka na miaka. Ulikuwa unachezeshwa na mashimo ya barabara tu.

Yirenkyi alicheka mpaka akashika ukuta.

Robo zangu! Nusu zangu! Utoto mzima nilikuwa nasoma mashimo.

Nilimfuata Mama, alikuwa anachagua maharage, nikamuuliza. Sentensi nzima, bila kikaratasi. Mama hakushtuka. Akasema waya aliukata Nana mwenyewe, geji ilikuwa inampa wasiwasi bure, yeye joto la gari alilijua kwa pua na kwa sikio. Nikamuuliza sasa mimi alinikalisha pale nitazame nini.

Mama akatupa jiwe dogo, akachagua tena.

"Tangu baba yako aondoke ulikuwa hujatoa neno," akasema. "Siku ya kwanza unakaa mbele, ukasema nusu. Ulitaka mjomba wangu afanye nini, aendelee kuendesha?"

Nimekaa na hilo tangu saa ile. Sijui nicheke au nimnunie marehemu. Lakini mkate ulikuwa wa kweli.

Fundi ameuunga waya. Mshale sasa unafanya kazi.

Jumatano, 4 Aprili

Ukweli ni kitu kibaya sana. Leo tulimjaribu Aberewa mpaka Odorkor na kurudi. Mshale uliondoka chini, ukapita robo kama mtu aliyeitwa, ukapita nusu, ukasimama robo tatu ukitetemeka. Mjomba aliutazama njia nzima, nusura agonge mama muuza nanasi.

Tulipofika, sababu ikaonekana. Rejeta inavuja. Tundu chini pembeni, dogo kama la sindano, tone, tone, tone. Yirenkyi aliweka bakuli la paka chini yake akatuita tuje tuone linavyojaa. Maji ya rejeta yakipungua kitu cha kuipoza injini hakipo, na gari litachemsha hata kwenye tambarare. Mjomba akampigia simu mchomeleaji. Mchomeleaji akasema mpaka baada ya Pasaka, kila Mkwahu wa Accra amempelekea rejeta. Mjomba akakata, akampigia Alhaji. Kumsalimia tu, alisema. Hakuna mtu anayemsalimia mnunuzi wa vyuma chakavu bila sababu.

Jana Fundi Tawia alipokuwa anaondoka alisema madereva wa zamani walikuwa wanaziba tundu la rejeta kwa ute wa yai. Ute unaganda tunduni. Nikaenda jikoni. Mayai ya Pasaka, Mama ameyaketia karibu kama mlinzi wa benki. Haiwezekani.

Ndipo nikakumbuka sanduku langu la shule. Limebaki na kopo la muhogo wa chembechembe, ule uliokunwa, ukakamuliwa, ukakaangwa mpaka ukakauka, tunaouloweka bwenini kwa maji na sukari njaa ikizidi. Kila msichana wa bweni anajua tabia yake. Unaweka kidogo, unageuka kuchukua kijiko, ukirudi umevimba hadi ukingoni. Yai linaganda tu. Muhogo unavimba! Kwa nini hakuna fundi aliyefikiria hili? Kwa sababu mafundi hawakulala bwenini.

Nimefanya jaribio kama tulivyofundishwa. Kopo la maziwa, tundu la msumari, maji yanavuja. Nikatia chembe kidogo, nikasubiri. Yakapungua. Yakakoma. Nilipiga kelele ya furaha, kuku peke yao wakasikia.

Jaribio nililifanya kwa maji ya baridi. Maji ni maji.

Alasiri, wote walipokuwa wamelala, nikafungua mfuniko wa rejeta nikamimina kikombe. Nikaufikiria mlima. Nikaongeza. Nikafikiria msumeno wa Alhaji. Nikamaliza kopo.

Alhamisi, 5 Aprili

Bakuli la paka ni kavu! Kavu kabisa!

Mjomba alipiga magoti, akapitisha kidole chini ya rejeta, akakinusa, akakipangusa kwenye suruali. Haamini. Akauliza ni nani amefanya kazi hii.

Wakati wangu umefika. Nikakohoa kusafisha koo. Nikavuta pumzi. Nikatafuta neno la kuanzia.

"Si kitu kikubwa, Baba," akasema Yirenkyi. "Nilikaza tu mahali fulani."

Alikaza! Mahali fulani! Hata spana hana. Mjomba akampa mkono kama mwanamume mwenzake, akamwita Injinia, akasema kesho Injinia atakaa mbele amtazamie mshale.

Mshale wangu.

Nikaingia jikoni kukasirika kati ya masufuria. Mama akauliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kitwi, ili asiwe na shaka.

Ila nimejituliza. Sifa achukue yeye, Aberewa abaki kwangu. Kesho jioni atakuwa uani kwa Bibi, mzima.

Ijumaa, 6 Aprili. Ijumaa Kuu

Naandika nikiwa Obo.

Tuliondoka asubuhi. Mjomba na Injinia mbele, mimi na Mama nyuma na kuku wa Bibi katikati. Nsawam wauza mkate walikimbia na sisi dirishani, mikate juu ya vichwa, kama zamani. Mjomba hakusimama. Niligeuka nikaitazama mikate mpaka ikawa midogo.

Yirenkyi alitangaza mshale kama fainali. Robo, bado robo, robo inamiliki mchezo. Baada ya Suhum ikawa nusu, sauti ikashuka kidogo. Tulipofika Bunso akanyamaza. Nikainua shingo nione. Nikasema, "Robo tatu." Nilisema kwa sauti inayosikika, naapa. Hakuna aliyesimama.

Basi nikatumia fizikia. Nilimnong'oneza Mama kwamba hita ya gari inanyonya joto la injini na kulileta ndani, kwa hiyo ukiifungulia injini inapata nafuu. Mama akampigia Mjomba kelele. Mjomba akaifungulia yote. Aprili, mchana, barabara ya Nkawkaw, watu wanne na kuku, madirisha wazi na hita inavuma! Jasho lilinitoka mahali nisipojua pana vinyweleo. Mafuta ya nywele ya Yirenkyi yakamtiririkia mpaka kwenye kola. Kuku alifumba macho kama anasali. Na mshale ukashuka. Kidogo, lakini ukashuka. Mama akaniminya goti.

Nkawkaw, chini ya mlima, magari yote ya Accra yalikuwa yamekusanyika, muziki, fulana mpya, watu wamekaa juu ya paa. Mama akasema tupumzishe gari. Mjomba akasema akipumzika hapa mbele ya Wakwahu wote watajua. Akaingiza gia, tukaanza kupanda.

Kona ya kwanza, sawa. Kona ya pili, sawa. Juu yetu wale watu wa miavuli ya kurukia mlimani walikuwa wanaelea angani, miguu inaning'inia, wanatutazama. Kona iliyofuata mshale ukaondoka kama ulikuwa unasubiri ruhusa. Nyekundu. Ukapita nyekundu. Chini ya boneti kukaanza kugonga, ko, ko, ko, kama mfuniko wa sufuria. Moshi mweupe. Mjomba akaegesha kwenye jiwe.

Halafu harufu. Si ya oili, si ya mpira. Mama akanusa, akauliza ni nani huyo anapika mlimani Ijumaa Kuu.

Nilijua.

Mjomba alisubiri ipoe, akazungushia mfuniko kitambaa, akafungua taratibu, uso ameugeuza pembeni. Kwanza rejeta ikashusha pumzi ndefu. Kisha ukatoka ugali. Ugali wa muhogo, mweupe, laini, umeiva sawasawa, ukapanda mdomoni mwa rejeta polepole kama mtu anayetoka kuoga.

Dereva wa lori la nyanya akasimama, akashuka, akaja kuchungulia. Akatazama ugali, akamtazama Mjomba.

"Mzee," akasema, "mchuzi mmeuacha wapi?"

Mjomba alimgeukia mwanawe, sauti yake ya chini kabisa.

"Injinia. Ulikaza wapi?"

Yirenkyi akautazama ugali. Kisha akanitazama mimi. Si mjinga, alikuwepo nikishusha sanduku la shule, kopo aliliona. Nilisubiri aseme. Aliinamisha kichwa. Hakusema.

Lori la nyanya lilituvuta kwa kamba mpaka Obo. Kila baraza lilikuwa limejaa watu waliorudi kwao na nguo zao nzuri. Mjomba alishusha kofia mpaka puani. Yirenkyi hakutangaza kitu.

Kuku peke yake alifika na heshima yake.

Jumamosi, 7 Aprili

Kikao cha ukoo. Bibi Dufie, mama yao Mama na Mjomba, dada yake Nana, amekaa kwenye kigoda katikati ya ua. Yeye ndiye mkubwa wetu sasa. Wazee kulia, akina mama kushoto, Aberewa nyuma yao na boneti wazi kama mgonjwa anayesubiri daktari.

Mjomba akasimama akaeleza. Gari limechemsha, limefika kwa kamba mchana kweupe, anaomba ruhusa aliuze kabla halijamzika mtu. Akaongeza, kwa haya, kwamba mwanawe mwenyewe ndiye amelichezea kwa vitu vya jikoni, na kwamba likizo yote iliyobaki ataosha chupa stoo ya duka.

Yirenkyi alikuwa mlangoni na wageni. Yeye ni wa ukoo wa mama yake, si wetu, na kwenye kikao chetu hana sauti. Yule, na sauti ile! Hata angetaka kujitetea, hawezi. Mimi ninayo sauti pale tangu nilipozaliwa, sawa na mzee yeyote. Sijawahi kuitumia.

Bibi akauliza kama kuna mtu wa nyumba hii mwenye neno kabla hajamjibu Asiama. Jogoo akapita katikati. Yirenkyi alikuwa anachomoa nyuzi za mkeka, mmoja mmoja, bila kuinua macho. Sekunde moja zaidi na Aberewa angekwenda, na yule mjinga angeosha chupa zangu.

Nikasimama. Mguu ulikuwa umekufa ganzi. Nikamwangukia Mama. Nikasimama tena.

"Ni mimi," nikasema.

Nilidhani yataishia hapo. Hayakuishia. Nilisema kopo, nikasema msumari, maji ya baridi, kikombe cha kwanza na kilichofuata. Nikasema hita. Nikasema waya uliokatwa na utepe mweusi, na Nana kunisikiliza nikisoma mashimo na kusimama kila mara. Nikasema nimesema robo tatu pale Bunso na hakuna aliyesimama. Palipouma zaidi nikaingia Kiingereza, halafu nikarudi. Mzee mmoja alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nilipokaa, nadhani nilikuwa nimesema kuliko Mjomba.

Bibi alikuwa anamtazama Aberewa.

"Asiama," akasema, "gari limechemsha, au limepikwa?"

Mjomba akasema mama, si ni yale yale. Bibi akasema si yale yale hata kidogo. Ukimwita mtu kwenye mbio, kisha mtoto akamshindilia ugali mpaka kooni, huwezi kusema ameshindwa mbio. Kwa hiyo mtihani haujafanyika. Kesho rejeta ioshwe. Jumatatu Aberewa ateremshwe Nkawkaw, apande upya, na yeye Bibi atakaa ndani ashuhudie. Akichemsha safari hiyo, Asiama afanye anavyotaka.

Mjomba akafungua mdomo, akafunga. Namwelewa sana.

Lakini Bibi hakuniacha hivi hivi. Mbele ya wote alinitaka niape kwa jina la Nana kwamba maisha yangu yote sitatia tena muhogo kwenye rejeta ya gari lolote. Nikaapa. Kwa dhati.

Yirenkyi alinipitia baadaye. Akasema kumbe naongea, yeye miaka yote alidhani na mimi nimekatwa waya.

Jibu sijalipata bado.

Jumapili, 8 Aprili. Pasaka

Tulipotoka kanisani tukaosha rejeta, mimi na Yirenkyi, yeye ameshika bomba la maji, mimi kijiti. Ugali ulitoka kwa vipande. Bata wa Bibi wakaula wote wakabaki wamesimama wanasubiri zaidi. Hatukuzungumza, ila alinimwagia maji makusudi na mimi nikamrushia ugali shingoni, nadhani tumepatana. Mjomba alipita akatukuta, akasema chupa za stoo hazitaoshwa na mtu. Akaenda zake.

Rejeta sasa ni safi. Safi kupita kiasi. Yirenkyi alipoingia kuoga nikaona: tone. Tone. Muhogo umetoka na tundu limefunguka. Mchomeleaji hapa yuko sikukuu mpaka Jumatano.

Ningemwambia Mjomba. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake. Alikuwa anaongea na simu, nikasikia anasema "Alhaji." Nikarudi.

Muhogo nimeapa. Mimi ni mtu wa neno langu.

Nikaenda jikoni kumsaidia Bibi. Alikuwa anakatakata bamia za mchuzi. Ute ulikuwa unatoka kisuni mpaka bakulini, mrefu, haukatiki. Mtu akabisha hodi, Bibi akaenda mlangoni na kisu mkononi, na ule ute ukamfuata nusu ya jikoni kabla ya kukatika. Nilisimama pale nikiutazama kwa muda mrefu. Bibi akarudi akaniuliza kama nina njaa. Nikasema ndiyo, Bibi, naomba kidogo, mbichi.

Akafurahi sana. Akasema tangu jana nimekuwa mtoto wa kuongea.

Jumatatu, 9 Aprili

Asubuhi kabla ya chai. Bakuli moja tu, rejetani. Nimechuja, mbegu nikatupa. Mimi si mjinga wa wiki iliyopita.

Tukateremka. Mjomba kwenye usukani, mimi mbele, Bibi nyuma na kitenge chake cheupe cha Pasaka, Yirenkyi pembeni yake amembebea mkoba. Tulipofika Nkawkaw, Mjomba alitaka kugeuza papo hapo apande. Bibi akakataa. Kuna rafiki yake anauza vitambaa karibu na stesheni ya zamani, hawezi kufika mjini bila kumsalimia. Rafiki akatoa kigoda. Wakaanza na watu waliokufa tangu Pasaka iliyopita, wakaja kwa wanaoumwa, wakamalizia na wanaostahili kuumwa. Mjomba alitazama saa mpaka akachoka. Akafungua boneti, kwa kukosa kazi. Palikuwa na bomba jirani, akaijaza rejeta maji mpaka juu, tena kwa kukosa kazi.

Kisha mlima. Bibi akasema aendeshwe polepole, chai inamrudia. Mjomba akaendesha kama anabeba mayai. Kwenye kona ya miavuli Bibi akaamuru tusimame, alitaka kuona kwa karibu kama wale watu wana mama zao. Tukasimama mpaka akamaliza kuwagombeza, na wao walikuwa angani, hawasikii. Mbele kidogo akataka kushuka anyooshe mguu. Mjomba alikuwa anauma midomo.

Mimi nilikuwa na mshale. Robo, nikasema. Bado robo. Nusu.

"Sema kwa sauti," Mjomba akasema, macho barabarani. "Sikusikii."

"Nusu, Mjomba. Chini ya nusu kidogo."

Akatoa mguu kwenye mafuta. Sijui kama alijua ametoa.

Uani kwa Bibi Aberewa aliingia kwa injini yake mwenyewe, moshi hakuna, harufu hakuna. Mama na majirani wakapiga vigelegele. Mjomba alizima injini, akakaa mikono bado kwenye usukani. Halafu akatoa simu, akamtakia Alhaji heri ya Pasaka ingawa Alhaji hasherehekei, na akamwambia gari hakuna, ukoo umekataa. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshindwa.

Nililia kidogo nyuma ya banda. Furaha tu. Na Nana.

Sasa wamekaa barazani wanabishana kwa nini amepanda. Mjomba anasema ni kule kupumzika Nkawkaw. Mama anasema ni maji, mara hii rejeta ilijaa. Bibi anasema ni mwendo wa adabu. Yirenkyi anasema ni kwa sababu leo Aberewa hakupewa kifungua kinywa. Wanacheka, wameniita nami niseme langu, nikasema labda ni vyote.

Watu wazima, tena wengine wamesoma! Hakuna hata mmoja aliyekaribia. Ni bamia.

Kesho tunarudi Accra, na ile ni safari ndefu kuliko mlima. Nimemwomba Bibi kikapu kizima. Amenipa na kunibusu kwenye paji la uso. Anadhani ni za mchuzi.